Tembo wa Kolwezi na Filamu Niliyoisifu Kabla ya Kuiona

Siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kukunja. Nilielewa. Kwingine mstaafu hupewa cheti. Ninyi mliona mzee kama mimi anahitaji kitu cha kumshawishi akae kwake asirudi. Sasa nimekikalia. Ni imara kuliko filamu nyingi nilizozizungumzia kwenye mikro, na juu yake ninaandika kama Direktere Kaumba, mkuu wa radio yetu, alivyoniomba: maneno machache kwa vijana watakaoshika kipindi cha sinema baada yangu. Aliomba ukurasa mmoja. Direktere ananijua miaka mingi, na bado anaomba ukurasa mmoja.

Aliomba pia niandike Kiswahili cha kitabu, ili na watu wa mbali wasome. Nitajitahidi. Ila mtu akisema, nitamwacha aseme kama tunavyosema hapa Kolwezi. Sitaanza leo kumsahihisha Mama Godeliva. Sikuthubutu hata alipokuwa mkubwa wangu wa kazi.

Kabla ya radio nilikuwa karani wa ghala la vipuri mgodini. Kazi ile ilipokwisha, nilifika studio nikiwa na ujuzi wa aina mbili: mwandiko mzuri, na uwezo wa kutambua boliti kwa kuipapasa. Mama Godeliva, mkuu wa vipindi, mwalimu wa zamani kutoka kaskazini mwa Katanga, alinitazama toka viatu hadi kichwa, akaniuliza kama ninapenda sinema. Nikasema ndiyo. Akasema hilo ni tatizo, lakini litapona.

Alinituma mtaa wa Kasulo, kwenye nyumba moja ya video, nikaangalie filamu ya karate na kurudi na uhakiki. Nilirudi na kurasa kumi na moja. Nilikuwa nimeandika kila kitu, toka pigo la kwanza hadi kaburi la mwisho. Akasoma ukurasa mmoja, akaweka daftari chini.

"Tata Mwepu, weye umenisimulia filme. Mi sikukuomba unisimulie. Kuko mama mumoja kule soko, anauza samaki. Akiacha meza yake saa mbili, akaenda kuangalia hii filme, atarudi na furaha ao na hasira? Njo kile tu nilikuuliza."

Nilirudi Kasulo kuitazama tena. Mara ya pili nilisikia nyundo. Mwenye nyumba ile, kama majirani zake wengi, alikuwa anachimba kobalti chini ya sakafu yake mwenyewe, nyuma ya pazia lililobeba picha. Kila wapenzi waliposogeleana kwenye kioo, chini yao mtu aligonga jiwe. Hewani nikasema filamu ni ya kawaida, lakini sauti yake inatoka mbali sana. Mama Godeliva alicheka, akanipa kipindi.

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Daftari la miraba, kwa sababu gizani miraba huongoza mkono. Tochi ndogo iliyofungwa kitambaa chekundu, usije ukammulika mtu aliyekuja na asiye mke wake. Kalamu mbili, kwa kuwa moja itakufa kwenye sehemu nzuri. Na betri za kinasa sauti, ambazo tulizianika juani juu ya bati kama mihogo ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Ninyi leo mna simu inayofanya kazi hizo zote, na bado mnachelewa.

Kesi ngumu zilikuja zenyewe. Mheshimiwa mmoja alitoa filamu ya saa tatu aliyoicheza yeye, mke wake na shemeji yake, akaizindua mji wa Fungurume akiwa ameketi kiti cha mbele, ameugeukia umati badala ya picha, ili aone nani hacheki. Nilisema kwenye radio kwamba viti vilikuwa vizuri na upepo ulipita vyema. Alinitumia salamu za shukrani. Watu wa aina ile hawasikilizi. Wanahesabu tu kama wametajwa.

Basi, hayo ni ya kuwapashia moto. Nije kwenye jambo ambalo Direktere alitaka niliruke.

Tulipokuwa wadogo, kampuni ya shaba iliweka televisheni katika klabu ya wafanyakazi, ile tuliyoiita serkli. Jioni moja kila wiki ilionyeshwa hadithi ya jasusi mmoja, Lestrane. Picha nyeusi na nyeupe, maneno ya Kifaransa. Lestrane alivaa koti refu na kazi yake kubwa ilikuwa kungoja. Alingoja stesheni, alingoja chini ya ngazi, alingoja mtu mwenye mwavuli ambaye mara nyingine hakuja. Katika miaka yote ile alipiga risasi mbili, na moja alikosea. Tulimpenda kwa moyo wote. Mji wa migodi unajua kungoja: tulingoja zamu, tulingoja treni, tulingoja wazazi wapande kutoka shimoni. Mama Godeliva, wakati ule mwalimu kijana, alisimama kando ya televisheni akawageuzia mama zetu maneno kwa Kiswahili. Na ngojangoja ya Lestrane ilipokuwa ndefu, aliinua kidole tu, na watu mia wakanyamaza.

Mtoto aliyekaa mbele kuliko wote alikuwa Ramazani. Baba yake alikuja kutoka upande wa Maniema na lori moja na msala wa kuswalia, na mwana akarithi vyote viwili. Alikua akawa na malori kati ya Kolwezi na Fungurume, mtu wa heshima, asiyecheza na safari wala na swala. Kisha, katika umri ambao watu wenye akili hununua mbuzi, akauza lori moja akanunua mashine ya kuonyesha filamu, akajenga ukumbi karibu na barabara ya soko. Wanawe walidhani ni malaria.

Mwaka juzi habari zikaja kwamba Ulaya wameitengeneza upya hadithi ya Lestrane, sasa filamu kubwa ya rangi, na kwamba sehemu yake inatokea Kolwezi. Kolwezi yetu! Mji ulipata homa. Ramazani alihangaika miezi mpaka akapata haki ya kuionyesha kuanzia Jumapili moja. Filamu ilikuwa ifike Jumamosi kutoka Lubumbashi. Kipindi changu ni Ijumaa.

Ijumaa asubuhi alikuja studio amevaa kanzu nyeupe, ameshika simu kama mtu aliyebeba yai.

"Mwepu, ndugu yangu. Batu banakungoja weye. Ukisema ni muzuri, banakuya. Ukinyamaza, banabaki ku nyumba."

"Sijaiona, Ramazani. Nitaiona wapi? Bado iko njiani."

"Angalia hii." Akanionyesha tangazo lake kwenye simu. Dakika mbili. Gari linaruka, mwanamke anageuka, jina la Lestrane linatokea kwa herufi za moto. "Unaona? Ni yeye."

Sitawaambia alinilazimisha. Nilikuwa nimeishi na koti lile toka utotoni, nilitaka liwe zuri kuliko alivyotaka yeye. Nikaingia studio, taa nyekundu ikawaka, nikasema kwa sauti yangu nzito ya Ijumaa: "Wapenzi wasikilizaji, nimeiona. Lestrane amerudi, na amerudi nyumbani."

Nimeiona. Neno moja. Katika miaka yote ya kazi nilikuwa nimewaambia watu mambo ya kuudhi, mambo ya kuchosha na, mara moja, tarehe ya Pasaka ya uongo kwa bahati mbaya. Lakini hilo sikuwahi kulisema bila kuona.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa hadi dirishani. Walikuja wachimbaji kutoka mgodi wa Mashamba wamevaa mashati ya harusi, walikuja mama wa soko, lilikuja basi zima kutoka Fungurume. Na alikuja Mama Godeliva, amenishika mkono. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na ukungu. Aliona mwanga na kivuli, basi. Nilimwambia nitamnong'oneza picha.

"Nongoneza," akasema. "Lakini usinipambie."

Filamu ikaanza. Niliandika mzaha wangu wa kwanza kabla majina hayajaisha, ndivyo nilivyokuwa. Lestrane mpya alikuwa kijana ambaye kifua chake kilionekana muda mrefu kuliko uso. Hakuwa na koti. Hakungoja kitu chochote: milango aliivunja hata iliyokuwa wazi. Kufikia nusu saa nilikuwa nimehesabu maiti arobaini, nikaacha, kwani daftari lilikuwa na miraba lakini si mingi kiasi hicho.

Kisha kwenye kioo yakatokea maandishi: Kolwezi. Ukumbi ulipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mama Godeliva akaniminya mkono. "Niambie."

"Kuna mto, mama. Maporomoko ya maji."

"Kolwezi?"

"Na minazi."

"Mwepu, nilikuambia usinipambie."

"Na tembo, mama. Wanne. Wanapita sokoni. Na nyuma ya soko... kuna bahari."

Vigelegele vilikatika. Watu wa Kolwezi wa kwenye filamu walikuwa wamevaa majani, wakasema lugha ambayo hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuisikia, wakampigia mgeni ngoma kwa furaha ya kuvamiwa. Adui aliificha kobalti yetu katika sanduku, nayo ilitoa mwanga wa buluu uliomulika pango zima. Mchimbaji mmoja akapaza sauti: "Kama inawakaka vile, sisi tunanunuaka tochi juu ya nini?"

Ukumbi ulicheka, lakini cheko lile lilikuwa na meno. Mwenzake akasimama, mtu mrefu, akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Tata Mwepu! Ijumaa ulisema umeiona. Uliona hii bahari, ukanyamaza?"

Vichwa vyote viligeuka. Nimetazama umati mara nyingi, sikuwahi kutazamwa na umati. Ramazani alikuwa karibu na mashine yake, hakunitazama. Mama Godeliva akaniinamia.

"Uliiona?"

"Hapana, mama."

Nilingoja anisute, ingekuwa nafuu.

"Bon," akasema. "Endelea kuniambia. Batembo banafanya nini?"

Nikamnong'oneza hadi mwisho, saa nzima na zaidi, tembo baada ya tembo.

Jumatatu nilikwenda kwa Direktere Kaumba nikaomba dakika kumi hewani. Nilimweleza sababu. Alivua miwani.

"Tata Mwepu, radio haiombake musamaha. Radio inafanyaka masahihisho."

"Basi andika masahihisho."

"Na Ramazani je? Ile ni nyumba yake ya kazi."

Nilisema ninajua. Kusema kweli nilijua nusu tu.

Hewani nikaanza na langu: kwamba Ijumaa niliwadanganya, kwamba sikuwa nimeiona, kwamba aliyeacha meza yake sokoni kwa ajili ya sauti yangu ana haki ya kunikasirikia. Hapo ningenyamaza. Lakini zilikuwa zimebaki dakika nane, na mkosaji aliyekiri hujisikia mwepesi kupita kiasi. Nikaichana filamu ile vipande vipande. Nilitangaza kwamba wavuvi wa Kolwezi wanaombwa kurudisha bahari walikoitoa. Niliwashauri wenye mashamba wafunge tembo wao. Nilisema Lestrane wa zamani aliweza kuvuka mpaka kwa kuinua kofia, na huyu wa sasa hawezi kuvuka barabara bila kulipua basi. Fundi mitambo alicheka mpaka akagusa swichi isiyo yake.

Sokoni hawakucheka nami, walinicheka. Kwa wiki kadhaa sikuweza kupita bila mtu kuita, "Nimeiona!" Bei ya mihogo? Nimeiona. Mvua itanyesha? Nimeiona. Ndiyo mliyokuwa mkinitania nayo ninyi wenyewe kwenye korido, mkidhani sisikii.

Ramazani alikuja mara moja tu, hakukaa; ule uongo wangu aliuita bongo, kama tunavyouita hapa.

"Ijumaa ulisema bongo juu ya kunisaidia, nikakuambia asanti. Jumatatu ukasema kweli, unataka nikuambie asanti tena? Kinywa yangu haitoshi, Mwepu."

"Nilipaswa kusema kweli."

"Kweli ilikuwa dakika mbili. Zile nane zingine zilikuwa za nini?"

Akaondoka, na hakunisemesha tena. Tulipokutana barabarani alisalimia ukuta.

Katika juma la nne, filamu ikiwa bado ukumbini, nilikwenda kwa Mama Godeliva kutafuta faraja. Alikuwa barazani anachambua majani ya viazi kwa vidole, haraka kuliko mwenye macho.

"Nilikusikia," akasema. "Kukubali bongo yako, ulifanya vizuri. Kisha ukachekesha. Unajua kuchekesha, toka zamani." Akatupa bua. "Sasa niambie juu ya ule muzee."

"Mzee gani, mama?"

Vidole vikasimama. "Ule wa mwanzo kabisa. Mbele bunduki hazijaanza. Muzee anamimina chai, anasema maneno kidogo tu. Ile sauti, Mwepu! Ni Lestrane. Ni ule mwenyewe wa zamani, wa serkli. Ameshazeeka. Na kikombe yake ilikuwa inagongagonga ku kisahani, halafu ikanyamaza. Mi sikuona juu ya nini ilinyamaza. Weye ulikuwa unaangalia wapi?"

Nilijua nilikuwa naangalia wapi. Nilikuwa naangalia daftari, naandika ule mzaha wa kwanza. Sikumnong'oneza neno, na yeye hakuniuliza, akadhani nimenyamaza kwa heshima.

Jumatano, saa nane mchana, nikaenda ukumbini. Ramazani alinipa tiketi bila kuinua uso. Ndani tulikuwa watu watano, mmoja amelala.

Ni kweli, alikuwemo. Wenye filamu walikuwa wamemtafuta mchezaji yule wa zamani wakampa nusu dakika, labda kwa adabu, labda kwa tangazo. Chumba kidogo, dirisha moja. Kijana mwenye kifua amekuja kuchukua bahasha. Mzee anamimina chai, mkono unatetemeka, kikombe kinagonga kisahani. Anatupa jicho kwa kijana kuona kama amesikia. Kisha, polepole, anaweka kidole gumba cha mkono wa pili juu ya ukingo wa kisahani, na sauti inakatika. Anasogeza bahasha mezani. "Chukua," anasema. "Mimi nimemaliza kungoja." Kijana anaichukua bila kumtazama, anatoka kwenda kulipua vitu.

Basi. Nilibaki pale na kalamu mkononi bila kuandika. Miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha wenzangu kwamba mhakiki ni macho, na mwanamke asiyeona alikuwa amekiona kitu pekee kilichokuwemo.

Kesho yake nilikwenda kumwambia juu ya kile kidole. Alisikiliza, akaniomba nimwonyeshe kwenye mkono wake. Nikaliweka gumba lake juu ya ukingo wa sahani yake ya majani. Akakaa hivyo muda mrefu.

Ijumaa sikuchekesha. Niliwaambia wasikilizaji kwamba filamu ni mbovu kama nilivyosema, sifuti neno. Lakini ndani yake kuna nusu dakika niliyoipita kwa ujinga, na aliyenionyesha ni Mama Godeliva. Niliwaambia iko mwanzoni, wasichelewe, na wautazame mkono wa mzee. Nikatumia dakika tatu. Muda uliobaki fundi alipiga muziki.

Jumapili nilipita barabara ya soko nikaona watu mlangoni pa ukumbi, wengi, wengi wao wazee wa serkli na wake zao, na wale wachimbaji wa Mashamba. Wakaingia. Nikasimama ng'ambo. Baada ya dakika kama tano mlango ukafunguka, wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kimya kama watu wanaotoka misa. Mama mmoja alikuwa anafuta macho na ncha ya kitenge. Milipuko ilisikika ndani, viti vitupu vikiitazama.

Ramazani alitoka nyuma yao, akaniona. Akavuka barabara, akasimama karibu nami, wote tukiwatazama wanavyoondoka. Yalikuwa majuma manne hajanisemesha.

"Mwepu," akasema, "batu banaingia, banakaa kidogo, banatoka bote banaridhika. Hii njo kazi gani?"

Nikamwambia sijui.

"Mi pia ningetokaka," akasema. "Lakini mi njo mwenye nyumba."